Kaimu Mkono

Usiku wa kuamkia leo niliota ndoto, na aliyenipandikizia ndoto hiyo ni jirani yetu, Mama Tumsifu. Jana jioni tukichambua mchicha barazani alidai kwamba alikwenda kwa Msuluhishi wa Malalamiko ya Pensheni, akamkuta Msuluhishi ni koti.

"Koti la nani?" nikamuuliza.

"Koti tu, mwanangu. La kijivu. Limekaa kitini. Likaniambia karibu mama, pumzika."

Mama Tumsifu huongeza chumvi hata kwenye maji ya kunywa, kwa hiyo nilicheka. Baba hakucheka.

Baba, Fundi Mrisho, alikuwa fundi terazo wa serikali. Alisugua sakafu za maofisi kwa jiwe na maji, miaka nenda miaka rudi, mpaka mistari ya vidole vyake ikafutika. Vidole vimekuwa laini kama mgongo wa kijiko. Sasa wastaafu wote wanahakikiwa kwa mashine ya alama za vidole. Baba akiweka chake, mashine inasema hakuna mtu. Dada wa mashine alimwambia kwa upole kabisa, "Mzee, hapa inasema hupo. Jaribu tena ukiwepo." Leo ndiyo siku ya mwisho ya uhakiki. Asipotambuliwa, pensheni inasimama, na dawa zake za moyo zinasimama nayo.

Basi nikaota nimefika kwa Msuluhishi.

Mapokezi kuna sikio. Limekaa juu ya meza, kubwa kama ungo, limevaa kitambulisho cha kazi.

"Shikamoo," nikasema, maana lilikuwa sikio la mtu mzima.

"Hilo halijibu," ikasema sauti kutoka chumba cha ndani. "Limekasimiwa kusikiliza tu. Pita, mwanangu."

Nikapita. Koti la kijivu limekaa kitini, mikono mitupu imelala mezani, kola imesimama bila shingo.

"Usishtuke," likasema.

"Nimeshashtuka," nikasema.

"Ni sheria. Msuluhishi anaweza kumkasimu mtumishi yeyote madaraka yake yoyote. Wa mapokezi nikamkasimu kusikiliza, nikampa sikio. Mchunguzi nikamkasimu kuchunguza, akaondoka na macho, yuko safarini Mpanda. Miguu iko kwa dereva. Mimi nimebaki na sauti, kwa kuwa nafasi ya msemaji haijajazwa."

"Na mkono wa kuamuru?"

Koti likashusha pumzi, vifungo vikagongana. "Mkono uliazimwa na wizara nyingine. Wamesema wataurudisha. Huwa tunauona kwenye picha za sherehe, unakata utepe."

Nikarudi kwenye sikio nikalieleza habari za Baba, mwanzo mpaka mwisho. Lilisikiliza vizuri sana. Nilipofika kwenye dawa za moyo likawa jekundu, na chozi likatoka pale ambapo chozi halina njia.

Nikageuka. Ofisi imekuwa jiko letu. Koti limekaa kwenye kigoda, linapuliza mkaa na halina mdomo.

"Ninao uwezo wa kumwita shahidi yeyote," linasema. "Akiitwa lazima afike, popote alipo, apende asipende. Namwita aliyechukua vidole vya Fundi Mrisho."

Mlango unafunguka. Sakafu inaingia.

Subhanallah, nimeona mambo, lakini hilo sijaliona. Sakafu nzima ya terazo, yenye vipande vyeupe na vyekundu, imejikunja kama jamvi, inahema kwa kupanda ngazi. Inajikunjua miguuni petu mpaka kuta za jiko zinasogea kuipisha.

"Nimeitwa," inasema. "Watu wanatembea hewani huko nilikotoka, fanyeni haraka."

"Ulichukua vidole vya Baba?" nikauliza.

"Nisingizie lingine. Alikuwa ananisugua huku akiimba, kila siku ananiachia kidogo. Vyote ninavyo. Mnadhani ninang'aa kwa sababu gani?"

"Rudisha!"

"Nikirudisha nitabaki na nini, binti? Nikose hata alama moja ya mtu? Niwekeeni vingine."

Koti likakohoa. "Ninao uwezo wa kuiamuru irudishe. Lakini amri hutolewa kwa mkono." Likafikiri, kola ikaegemea upande. "Ikama yetu ya watumishi inaruhusu mkono mmoja. Wewe unaitwa nani?"

"Semeni."

"Umesoma mpaka wapi, Semeni?"

"Darasa la saba."

"Mkono hauulizwi cheti. Nakuteua Kaimu Mkono wa Msuluhishi, mpaka mwenye nafasi atakaporudi. Inama uamuru."

Nikainama. Nikaweka kiganja sakafuni nikasema, kama ninavyomwambia mtoto wa jirani akichukua kitu, "Haya, toa."

Sakafu ilikuwa baridi, ikapata joto. Mistari ya Baba ikatoka katikati ya vile vipande vya rangi, myembamba, mmoja mmoja, ikapanda kiganjani kwangu kama siafu. Ikaingia, ikapita mkononi, ikaenda zake. Nikataka kucheka kwa furaha. Hapo nikaona vidoleni mwangu mistari mingine inashuka.

"Hii ni yangu!" nikapiga kelele. "Msuluhishi, inachukua na yangu!"

"Hilo ni lalamiko jipya," koti likasema. "Lifikishe mapokezi."

Nikakimbia mapokezi. Sikio limefungwa kilemba. Liko mapumziko ya mchana.

Nikaamka.

Kumekucha. Baba ameshawasha mkaa mwenyewe, mikono ina masizi, anakunywa chai ya rangi kwenye glasi kama kawaida yake. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka glasi mezani akaenda kutafuta kofia.

Kwenye glasi kuna alama tano za masizi. Miaka yote Baba huacha madoa tu, meusi, mabovu. Hizi zina mistari. Imezunguka, imejipanga ndani kwa ndani kama ukindu wa kawa.

Nikachukua simu niangalie saa, nikaweka gumba langu pale ninapoliweka kila siku. Simu ikatetemeka ikakataa. Nikalifuta gumba kwenye khanga nikaweka tena. Ikakataa. Nikaligeuza kwenye mwanga wa mlango.

Laini kama mgongo wa kijiko.

"Semeni!" Baba anaita kutoka uani, kofia kichwani, viatu vya Ijumaa miguuni. "Twende mapema, mwanangu. Leo nina moyo mzuri, sijui kwa nini."

"Nakuja, Baba."

Lakini kwanza nilipiga magoti. Sakafu yetu ni ya saruji, ina ufa toka mlangoni mpaka chini ya kitanda, haijawahi kusuguliwa na mtu yeyote. Nikaweka kiganja, nikasogeza mdomo karibu ili Baba asisikie.

"Mfikishie mwenzio wa terazo," nikanong'ona. "Mwambie anirudishie hata kile kimoja tu, cha gumba."

Nikatega sikio. Baba akaita tena.