Vijisanduku Arobaini vya Mama Darubini

Nakutega, fungua masikio: nyumba ina vyumba arobaini, kila chumba na kufuli lake, na bado kila mpita njia anaingia. Umeshindwa? Nipe mji basi. Ni kompyuta ya maabara ya Mama Darubini.

Kila akija mfanyakazi mpya hospitalini, Mama Darubini ndiye anayemwekea ruhusa: vijisanduku arobaini, kila kimoja na jina la kuvunja ulimi. Yeye anayeona vijidudu visivyoonekana, hapo haoni kitu. Basi huweka tiki kote, akarudi kupima damu na msaidizi wake.

Mpwa wake, binti fundi wa kompyuta, akatengeneza ukurasa mpya wa kutoa ruhusa. Leo ndiyo siku ya kuujaribu, na Mganga Mkuu hakuficha: mama akishindwa kuutumia peke yake, unafutwa. Binti akaikalia mikono yake asije akanyoosha kidole.

"Shangazi, usiniulize mimi. Kiulize kioo."

"Makubwa! Leo naamrishwa na niliyemwogesha."

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na maswali matatu tu. Nani? Afanye nini? Mpaka lini? Mama akajaza: muuguzi mpya, asome majibu ya wodi ya wazazi, mpaka Ijumaa. Akabofya. Ikakubali!

"Mh! Ndiyo hivyo tu?"

"Hivyo tu, shangazi!" Binti nusura aruke.

"Ngojeni," akasema Mganga Mkuu. "Huko ni kusoma. Kuyabadilisha majibu, ni nani wanaoweza?"

Mama Darubini hakuwahi kujua. Macho yakazunguka kioo kizima, yakatua pembeni palipoandikwa "Nani anaweza?" Akabofya mwenyewe. Maneno yakateremka: Mlinzi wa geti anaweza kubadilisha kundi la damu. Mpishi anaweza kubadilisha kundi la damu.

"Mpishi! Huyo hata chumvi imemshinda!"

Kando ya kila jina pameandikwa "Mwondoe". Mpishi, huyoo! Mlinzi, huyoo! Mtunza bustani, huyoo! Binti keshasimama, anapiga makofi. Kidole cha mama kikafika kwenye jina la Mganga Mkuu, kikasita.

"Na wewe, baba, mara ya mwisho ulipima damu lini?"

Akamwondoa.

Binti akashika kifua. Mganga Mkuu akakohoa, akatazama kioo, akatazama dari, kisha akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Haya, mama. Nilikuuliza: ni nani wanaoweza?"

Mama Darubini akageuza kiti, akamtazama usoni.

"Wawili. Mimi na msaidizi wangu."