Mukwe Wangu na Chupa ya Oksijeni

Batu ba Kolwezi banasema mi niko na kichwa nguvu. Ni kweli, na sitaki mutu anipe pole. Kwetu Kasai, mwanaume haongei na mama mukwe wake uso kwa uso. Hamugusi, hakai karibu naye, na mama naye hataji jina ya mukwe. Basi lupitalo ilipomutuma Dokta Muteba, bwana ya binti yangu Tshiela, kufanya kazi na mi katika ambulansi moja, nilimwambia mukubwa wetu wazi: mi ni muuguzi, kazi nitafanya, lakini miiko ya bukwe yangu sitaitupa kama ganda ya ndizi. Heshima si utumwa.

Tukapata njia. Alfani, dereva wetu, akakaa katikati. Muteba akitaka kitu: "Tata Alfani, ambia mama apime presha." Na mi: "Tata Alfani, ambia dokta presha iko chini." Alfani alicheka mpaka kofia yake ya sala ikaanguka. "Nyie Bakasai mutaniua! Mi ni dereva ao ni simu?"

Kazi yetu iko na sheria. Mwenye kuchoma sindano anasema kwa sauti "imeingia", na mwenzake anajibu "nimesikia". Hata hiyo ilipitia kwa Alfani.

Juma lililopita tulienda Mutoshi kumutwaa Safi, muke ya Rachid wa malori. Alikuwa amezaa mutoto muzima, lakini damu ilikataa kusimama. Mutoto tulimuachia nkambo yake, mama ya Rachid. Safi akanishika kanzu. "Mama, munirudishe kwa mutoto wangu." Nikajibu, tutakurudisha. Mudomo wangu huo!

Mbele kidogo ya mji, kamio, malori makubwa, zikatufunga. Kamio za shaba mbele, kamio nyuma, ingine ubavuni karibu inakwaruza rangi yetu. Nilijaribu mulango wa nyuma, ukagonga chuma. King'ora inalia, lakini nani atasogea wapi? Joto, vumbi, madirisha yamefungwa. Nilisikia kama mutu amenikalia kifuani.

"Naenda kuongea na bashofere," Alfani akasema. "Banajua ndugu zangu." Akajipenyeza kwa dirisha ya mbele, akapotea katikati ya magurudumu. Ndipo nikatambua kama kati yangu na mukwe wangu hakubaki mutu.

Muteba alikuwa na mukono moja ndani ya Safi na mwingine juu ya tumbo, anafinya ili damu isimame. Mi nimegeuzia uso ukuta, nashikilia maji ya mushipani. Kisha nikasikia dokta muzima anasema na chupa ya oksijeni: "Ewe chupa, kama kuna mutu hapa, atayarishe sindano ya kukaza tumbo la uzazi."

Siku ingine ningecheka. Nikavuta dawa, nikaweka sindano kwenye sahani nyuma yangu bila kugeuka. Nikajua atachoma yeye. Naye, mikono yote miwili kazini, akajua nimeichoma mi kwenye mupira wa maji. Hakuna aliyesema imeingia, na hakuna aliyeuliza. Tukabaki hivyo, batu bawili wa masomo, tunaheshimiana.

Vidole vya Safi vikanigusa mukono, baridi. "Mama, naona giza."

Nikageuka. Sindano iko palepale, imejaa.

"Mawee! Muteba!" Jina lilinitoka lenyewe. "Niangalie! Hii hukuichoma?"

Akainua uso. Tangu ndoa hakuwa ameniangalia machoni. "Mama, nilijua ni wewe!"

"Mujinga wewe! Na mi mujinga zaidi!"

"Choma, mama! Pajani, sasa hivi!"

Nikachoma. "Imeingia!"

"Nimesikia! Mukono wa juu unakufa ganzi. Njoo tufinye pamoja."

Nafasi ilikuwa wapi? Magoti yetu yakagusana, mikono yangu juu ya mukono wake, bega kwa bega na mukwe wangu, jasho lake kwenye shavu langu. Bankambo yangu kaburini bafumbe macho.

"Unasikia nini, mama?"

"Laini. Bado laini."

Niliogopa, sifichi. Nilimuona yule mutoto kule Mutoshi, mudomo wazi, anatafuta ziwa. Nikamupiga Safi kofi ndogo, nikamwambia asilale, nitamukasirikia vibaya.

"Usiache kunisemesha, mama," Muteba akasema.

"Anapumua. Mapigo yako mbio. Finya. Bado laini. Finya, mwanangu. Ngoja... ngoja kwanza. Muteba, linakaza!"

"Nimesikia, mama."

Chini ya mikono yetu tumbo likawa gumu kama ngumi. Damu ikapungua, ikawa tone kwa tone. Safi akafungua macho, akauliza mutoto amelishwa nini. Mi nikalia, na sikuona haya.

Kamio ya mbele ikaguna, ikasogea. Alfani akarudi kwenye usukani, vumbi mpaka kwenye kope, akafungua kidirisha kinachotazama nyuma. "Bamekubali kutupisha! Mama Ngalula, sema haraka, nimwambie nini dokta?"

"Usimwambie kitu, tata," nikajibu, mikono bado juu ya mukono wa mukwe wangu. "Endesha. Tuko tunaongea."