Atichoki za Mzee Kanuni

Shemeji yangu alistaafu akiwa mkuu wa masjala. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna faili lililopita mezani pake bila mhuri, sahihi na swali la ziada. Wenzake walimbatiza jina la Kanuni. Hakulichukia; nadhani aliamini ni cheo.

Alipokosa ofisi ya kusimamia, alishuka bustanini. Dada yangu, mkewe, alikuwa na kishamba nyuma ya jiko: mchicha, nyanya na vitunguu, vyote vikiota bila kumwomba mtu kibali. Kanuni alisimama ukingoni, mikono nyuma, akatangaza kwamba bustani ile haina hadhi. Wiki iliyofuata akang'oa mchicha wote.

"Sasa unapanda nini?" dada akauliza.

"Atichoki."

"Ati nani kachoka?"

Kanuni hakucheka. Atichoki, mboga ya Kizungu, alikuwa ameziona mara moja tu, kwenye hafla ya kiofisi, zikiwa kwenye sahani ya mtu mwingine.

Mwaka wa kwanza tulivuna majani ya kijivu, marefu kama mkono, yenye kuchoma. Mwaka wa pili kila shina likabeba tumba kubwa la kijani, magamba juu ya magamba, mfano wa nanasi lililonuna. Kanuni akapiga marufuku kuvuna mpaka yaive. Kila asubuhi aliyabonyeza kwa kidole gumba kama anayechagua papai sokoni. Matumba hayakulainika. Yalizidi kuwa magumu, na ncha zake zikaanza kufunguka.

Jirani yetu mshonaji, ambaye ujanani aliwahi kuwa mpishi kwenye nyumba za wakubwa, alichungulia juu ya ukuta akashika kichwa.

"Mwenzangu, hizi huliwa zingali zimefumba! Mnangoja nini, zihitimu?"

Tangu siku hiyo, kila Jumanne Kanuni akienda kwenye kikao cha wastaafu, dada na jirani huyo walikata zile ndogo za matawi ya pembeni, zenye ukubwa wa yai. Walimenya magamba ya nje mpaka wakafika kwenye yale laini ya manjano, wakazipaka limau zisiwe nyeusi, wakazichemsha, kisha wakazikaanga na kitunguu saumu. Nilikuwepo, nami nilikula, sikatai. Ladha yake iko kati ya kiazi na njugu mbichi, na ukinywa maji baadaye unayasikia matamu. Kanuni hakugundua lolote. Yeye alikuwa akihesabu zile kubwa.

Ndipo akamwalika Mkurugenzi, mama aliyekuwa bosi wake, pamoja na mumewe, daktari wa meno, waje kula chakula cha mchana Jumapili. Akasema atapika mwenyewe. Dada ataratibu vyombo.

Alichukua zile sita kubwa kupita zote akazitumbukiza chunguni kama zilivyo, ncha zake na vikonyo vyake. Dada akasogea.

"Baba watoto, hizo zimepitiliza. Zimekuwa kuni."

"Kati yetu sisi wawili, nani amelisoma zao hili?"

"Wewe."

"Basi."

"Basi," dada akajibu, akaenda zake kuoga.

Mezani Kanuni alitoa hotuba kuhusu hali ya hewa, udongo na uongozi bora. Alipomaliza, wote tukamtazama tuone zinavyoliwa. Huko kusoma kwake hakukuwa kumefika. Akang'oa gamba, akalitia lote mdomoni, akatafuna. Nasi tukafuata. Ukasikika mlio kama wa watu wanaotafuna mkeka.

Daktari alilitoa lake, akaliinua kwenye mwanga kama picha ya eksirei.

"Mimi naishi kwa meno ya wenzangu," akasema. "Haya yangu bado nayahitaji."

"Kanuni," Mkurugenzi akauliza, shavu limejaa, "tunatafuna mpaka lini?"

"Ni zao la subira, mama."

Ili kuthibitisha, alilipasua tumba lake mpaka katikati, penye manyoya yaliyosongamana kama brashi ya viatu. Akachota kijiko kizima, akameza. Macho yakamtoka. Akakohoa, akashika meza, akakohoa tena. Daktari akaruka, akamwinamisha, akampiga mgongoni, kisha akamkalisha chini ya taa.

"Fungua. Pana zaidi. Zaidi." Akavuta shungi la manyoya kwa kitambaa cha mezani. "Ya kooni yametoka. Ila hilo gego la nyuma limeoza. Tuonane Jumatano."

Dada alikuwa ameshaingia na bakuli la zile ndogo. Mkurugenzi alikula tatu mfululizo.

"Hizi kapika nani?"

"Mimi," dada akasema.

Kanuni, machozi yakimchuruzika, akanong'ona: "Nilitaka... kwanza muone... zisivyotakiwa kuliwa. Ndipo mthamini."

Mkurugenzi akaweka uma chini taratibu.

"Miaka kumi na mmoja ulinipa maelezo ya aina hii kila faili lilipopotea. Nilidhani ukistaafu utaishiwa." Akamgeukia dada. "Mama, hizi umezivuna lini?"

"Leo asubuhi, alipokuwa akinyoa."

"Niongeze."

Jumatano gego liling'olewa. Kanuni alirudi nyumbani shavu limevimba, pamba mdomoni, ameamriwa asizungumze kwa siku mbili. Majirani walidhani tumefiwa, kwa utulivu ule. Dada akaingia bustanini mchana kweupe na kikapu na kisu cha jikoni, akaanza kukata matumba yaliyobaki, makubwa kwa madogo. Kanuni akamfuata mbio, akasimama mbele yake, akainua kidole kimoja juu, kile cha pingamizi.

Dada akakitazama, akakitundikia kikapu, akaendelea kukata.