Tiketi ya Jumamosi

Mzee Cosmas alikuwa mbishi tangu utotoni, na uzee haukumpunguzia kitu. Akikwambia basi la kwenda Wembley linapita upande huu, simama naye hapo hapo, hata kama unaliona linapita ule. Kwa hiyo alipokwenda kudai arudishiwe michango yake yote ya chama cha kuzikana, Ambrose, mweka hazina, hakubishana naye sana.

"Mzee wangu, ukitoa fedha hii umejitoa chamani, wewe na mama. Mmoja wenu akiitwa na Mungu, hatusafirishi mwili."

"Najua. Kanuni hiyo niliitunga mimi."

Mchagga anajua uzito wa jambo hilo. Anaweza kuishi Ulaya mpaka mvi, akala viazi vyao na kuvumilia baridi yao, lakini akifa anataka kulazwa kihambani, kwenye migomba ya wazee wake. Cosmas na mkewe Sesilia walichanga miaka mingi kwa ajili hiyo tu. Sasa Sesilia alikuwa amelala sebuleni, saratani imemmaliza, daktari ameshasema zimebaki siku za kuhesabu, na alichokitaka hakikuwa kuzikwa kwao Kibosho. Alimtaka Solomon.

Solomon alikuwa mjukuu wao wa pekee, mtoto wa binti yao Gladness. Gladness aliolewa na Myahudi wa Golders Green, hapo hapo London, akaingia dini ya mumewe kwa moyo wote. Mume alipofariki, watu walidhani atarudi kanisani, hakurudi. Kijana wake alipomaliza shule akaenda Yerusalemu kwenye yeshiva, chuo ambako vijana wa Kiyahudi hushinda na kukesha na Torati. Karo ya chuo iliukausha mshahara wa mama yake wa uuguzi. Na Pasaka ilikuwa inakaribia, yao na yetu kwa pamoja, nauli za ndege hazishikiki.

"Nikifa sitajua nimelazwa wapi," Sesilia alimwambia mumewe. "Lakini nikimwona mtoto nitajua nimemwona. Toa hizo hela. Ila tukishazitoa, usije ukapitisha bakuli kwa watu. Nizike hapa hapa."

Cosmas alitoka nje, akalia kwenye kibanda cha takataka ili mkewe asimsikie.

Tiketi aliinunua mwenyewe, kwa simu yake. Hakumshirikisha Gladness, kwa sababu zile shukrani alizitaka zote ziwe zake. Siku zote nauli ilikuwa juu, isipokuwa Jumamosi. Alimshukuru Mungu kwa Jumamosi hiyo, akabonyeza. Rahisi ni ghali, wahenga wamesema, na Cosmas alikuwa mwepesi wa kuwaambia wengine methali hiyo.

Alipompigia binti yake kumpa habari, Gladness alimkatiza kabla hajamaliza.

"Baba, umenunua ya Jumamosi?"

"Eeh. Nimeipata kwa bei ya kutupa!"

"Baba, ile ni Sabato. Hawezi kusafiri."

Tiketi ile haibadilishwi wala hairudishwi. Jioni hiyo Solomon akapiga mwenyewe, sauti imemkauka.

"Babu, I can't. Nimemuuliza rabbi, nimemuuliza tena. I'm so sorry, Babu."

"Hata kwa bibi yako aliyekubeba mgongoni?"

"Hata kwa bibi."

Cosmas alikata simu. Alikuwa na hasira ya kupasua jiwe. Akaenda kumshitaki kijana kwa Sesilia, akitarajia walie pamoja. Sesilia alisikiliza amefumba macho.

"Tiketi ya Jumamosi alinunua nani?"

"Mimi."

"Basi mtoto ana kosa gani? Baba yangu hakuvuna kahawa Jumapili hata mvua inyeshe. Tulimcheka, lakini tulimheshimu." Akapumua kwa shida. "Imebaki hela? Nunua ya Jumapili. Nitamngoja."

Hela iliyobaki iliishia kwenye tiketi hiyo. Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato kuanza, Gladness alikuja na mkoba wake kulala kwa mama yake, maana na yeye Sabato hapandi gari. Yeye na baba yake walikuwa wamemshika mikono, mmoja huku mmoja kule, Sesilia alipokata roho Jumamosi alasiri. Huko Yerusalemu simu ya Solomon ilikuwa imezimwa kwa ajili ya Sabato, na hakukuwa na namna ya kumwambia.

Giza lilipoingia na Sabato kwisha, Solomon akapiga mwenyewe. "Babu, mpe bibi simu. Nakuja kesho."

Maneno makali yalifika kwenye ulimi wa Cosmas. Kama ungepanda ile ndege, ungemkuta. Aliyameza. "Bibi amefariki, mwanangu. Njoo tumzike."

Watu wa chama walikuja, wakataka kuchanga ili Mama Gladness arudishwe nyumbani. Cosmas akakataa: neno la marehemu ni neno. Siku ya mazishi Solomon, kama mama yake, hakuingia kanisani, maana dini yao hairuhusu. Alisimama nje kwenye manyunyu na kofia yake nyeusi, akitikisa midomo, na akina mama waliguna walipompita. Cosmas naye aliguna. Aliona kijana kamkosa bibi akiwa hai, na sasa anamkosa hata kwenye misa.

Makaburini jeneza likashushwa. Padri akamaliza, watu wakaanza kurudi kwenye magari, kama ilivyo huku. Kufukia ni kazi ya mtu wa mashine, naye alishawasha injini. Cosmas alikuwa amezika wengi London kwa namna hiyo, na kila mara alirudi nyumbani na aibu asiyoisema.

Solomon akavua koti. Akaenda kwa yule mtu wa mashine, akaomba koleo.

"Hatuiachii machine, Babu," alisema. "Tunafukia wenyewe, mpaka mwisho."

Akaanza. Udongo ulikuwa mzito, mfinyanzi mtupu, na kijana hakuwa na mikono ya kazi. Alifukia huku kamasi na machozi vikimtiririka. Baada ya muda Cosmas akaweka fimbo chini, akanyoosha mkono apewe koleo. Solomon hakumpa, alilichomeka kwenye udongo.

"Hatupeani mkononi," alisema. "Tusipeane msiba. Lichukue tu, Babu."

Cosmas akalichomoa. Akatupia udongo wa kwanza, akausikia ukigonga ubao, akaegemea koleo. Mjukuu akamshika kiuno.

"Babu, bibi alinikasirikia?"

"Bibi yako? Hata kidogo. Mimi ndiye niliyekasirika."

Nyuma yao injini ilizimwa. Ambrose alikuwa ameshavua koti, na wanaume waliokuwa kwenye magari walianza kurudi, mmoja mmoja, wakikunja mikono ya mashati.