Tope la Manchira na Magunia ya Mkuu

Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Anold, ni mtu mwema akiwa ameshiba. Mwaka huu mvua ilikuwa nzuri, na ilijulikana mapema kwamba mahindi wanayochanga wazazi kwa chakula cha wanafunzi yatazidi stoo. Mwezi wa tano akaja kusimama mlangoni pa maabara yangu, akaiangalia kama kiwanja kisicho na mwenyewe.

"Mwalimu Bhoke, hapa watoto wanajifunza nini ambacho darasani hakiwezekani?"

Nina meza mbili na hadubini yenye lenzi moja nzima. Hata hivyo nilimwahidi kwamba kwenye kikao cha wazazi cha mwezi wa nane nitawaonyesha kitu hai kikifanya kazi mbele ya macho yao. Akasema sawa, nikishindwa magunia yanaingia. Nilikasirika mpaka masikio yakawasha.

Kwetu ni Manchira. Chini ya shamba letu kuna kidimbwi kilichotuama, chenye tope jeusi linalonuka yai viza. Nililijaza kwenye ndoo, nikapanda nalo basi hadi shuleni Tarime na kutukanwa njia nzima. Mle ndani wanaishi bakteria wa kijani wanaojipikia kwa mwanga. Mmea huchota elektroni kwenye maji, ndiyo maana tunapata oksijeni. Hawa huzichota kwenye gesi ileile ya yai viza. Mwanga ukiwapiga, elektroni inaruka, halafu inapokezanwa na molekuli moja baada ya nyingine mpaka kwenye vifundo vya chuma na salfa, kama matofali yanavyopita mkono kwa mkono siku ya kujenga kanisa.

Nilitia tope kwenye chupa kubwa inayopitisha mwanga, nikaongeza gazeti lililochanwa, kiini cha yai na jasi ya mafundi wa dari, nikaiweka dirishani. Wiki nne zikapita, rangi ni kahawia tu. Nilianza kuyaona magunia hata usingizini.

Asubuhi moja nilikuwa namlalamikia Revocatus, mwalimu wa fizikia, akaniangalia mikono na kuanza kucheka.

"Bhoke, unataka siagi?"

Nikajitazama. Nilikuwa nimeipakata chupa, naitikisa mbele na nyuma. Sijui nilianza lini. Tangu nina miaka saba nilisuka kibuyu cha maziwa cha mama kila asubuhi, na mkono ulipopewa chombo chenye ubaridi ule na uzito ule, ulifanya kazi uliyoizoea. Mwezi mzima nilikuwa nawachanganyia hewa viumbe wasioitaka! Oksijeni inayotuweka hai sisi, kwao ni mwizi wa njiani: inazinyakua elektroni kabla hazijafika na kuviharibu vile vifundo vya chuma. Niliona aibu, nikataka kuimwaga chupa.

"Usimwage," Revocatus akasema. "Endelea kuisuka hiyohiyo. Utakuja kuihitaji."

Tope lililobaki nilitia kwenye chupa ya pili na viungo vilevile, nikajaza mpaka shingoni pasibaki hewa, nikaandika juu yake: USIGUSE, HATA WEWE BHOKE. Kila chupa tuliipa vijiti viwili vyeusi vya ndani ya betri za tochi, kimoja topeni, kimoja juu, na nyaya za kufikia mita ya umeme. Wiki ya sita, kwenye chupa ya pili, ukatokea mstari wa kijani juu kidogo ya tope. Nilicheza peke yangu humo ndani.

Siku ya kikao, magunia kumi na manne yalikuwa yameshapangwa nje ya mlango wangu. Wazazi wakajazana ndani, mbele yao mwenyekiti wa kamati, Mama Gladys, anayeuza nafaka Sirari na ambaye nusu ya ndugu zake wako Kenya, ng'ambo ya mpaka. Chupa ya pili niliifunika kitenge. Nikaunga mita, nikafunua.

Mshale haukusogea. Mkuu akakohoa.

Kisha ukaanza kupanda, polepole, alama baada ya alama. Nikafunika, ukashuka. Nikafunua, ukapanda tena.

"Mwalimu," Mama Gladys akasema, "hiyo si jua tu inapasha maji moto?"

Nilitaka kumkumbatia. Nikaiunga chupa ya kwanza, ile niliyoisuka miezi mitatu, tope lilelile, dirisha lilelile. Nikafunua. Tukangoja. Nikafunika, nikafunua tena. Mshale ulilala palepale.

"Jua ni moja," nikasema. "Humu hakuna wa kulipokea. Niliwaua mimi mwenyewe, kwa kuwasuka kama maziwa."

Akina mama wafugaji waliotoka Gorong'a walielewa kabla sijamaliza. Walicheka, mmoja akapiga kigelegele, na Mama Gladys akarudi kwenye chupa ya pili kufunika na kufunua kwa mkono wake, mara tatu. Mshale ukamtii mara zote tatu. Akageuka.

"Mkuu, hii nyumba haiingii gunia. Si ofisi yako iko na nafasi?"

Kamati ilipitisha palepale, na wazazi wakabeba wenyewe. Siku hizi shikamoo yangu kwa Mkuu naitoa nikiwa mlangoni, maana ndani hakuna pa kusimama.