Kamba za Aproni

Aproni yake ilitundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, haina kamba. Kiwandani kwao, walikoshona sare za shule, anayestaafu hukatwa kamba za aproni na wenzake, vigelegele vikirindima, ili kazi isimfuate nyumbani. Zake zilikatwa mwaka jana. Siku ile alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kweli, kazi haikumfuata. Kilichomfuata ni maradhi ya mumewe. Figo zimechoka, daktari alisema, na damu lazima isafishwe kwa mashine kila wiki, maisha yake yote. Bima ya afya nayo ilikuwa imekoma pamoja na ajira. Wakauza cherehani ya nyumbani, wakauza kabati, na bado maji yakazidi unga. Ndipo akaenda kiwandani, kimya kimya. Msimamizi, ambaye zamani alifundishwa naye kushona mfuko wake wa kwanza, hakumuuliza mengi.

"Nafasi ipo, Shangazi. Ukianza Jumatatu, na bima inaanza. Mzee anaingia humo humo."

Alishukuru, lakini moyoni alikuwa na hasira. Magoti yalimuuma, macho yalikuwa yakikataa tundu la sindano, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuzoea kunywa chai akiwa ameketi. Alichoka hata kabla ya kuanza.

Jioni alimwambia mumewe huku akisugua sufuria.

"Unarudi kwa ajili yangu," mumewe alisema.

"Kwani yuko mwingine humu ndani?"

Mzee hakucheka. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote. "Gari bovu hili, mke wangu. Usijisumbue kulitia mafuta."

"Gari ni langu," alijibu, akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata.

Jumatatu alfajiri aliingia jikoni kutafuta kitambaa cha kamba mpya. Akamkuta mumewe mezani, aproni mapajani, sindano mkononi, ule mkono wenye makovu ya hospitali. Hakuwahi kushona hata kifungo. Kamba alizikata kwenye shati lake la kazi. Mishono ilipinda, mingine mirefu, mingine imeruka.

"Utazishona upya ukifika," alisema kwa aibu.

Mkewe aliivaa, akageuka, akasubiri. Mzee akafunga fundo mgongoni, polepole, akalivuta kuona kama limeshika.

Kiwandani, msimamizi aliiona ile mishono, akanyoosha mkono. "Lete nizipitishe kwenye mashine, Shangazi."

"Ziache," alisema, akavuta kiti, akatafuta miwani yake.