Kumkimbia Baba Mkwe

Jamani, kama kuna mtu anadhani kuwa mkamwana wa Kinyakyusa ni raha, aje Ilomba nimsimulie! Mimi Joyness nimeolewa na Lugano, huu mwaka wa tatu. Mila yetu inasema mkamwana hakutani na baba mkwe: hamtazami, hamsemeshi, hapishani naye njia moja. Hapa mjini wengi wameshaacha, lakini mzee wetu alihama kijijini Busokelo na mila yake yote, akaja kukaa chumba cha uani kwetu. Akikohoa tu, mimi nimeshajifungia jikoni.

Nyumbani ni rahisi, shida ni barabarani. Kila asubuhi napeleka parachichi sokoni, ng'ambo ya barabara, mwanangu Mercy mgongoni, ndoo kichwani, na kila asubuhi mzee anarudi kutoka kanisani kwa njia hiyo hiyo. Huku mtaro, huku malori ya Zambia. Sasa nikimwona nifanyeje? Navuka! Zebra ya kuvukia iko mbele kule, nyuma ya mzee mwenyewe, kwa hiyo nakatiza popote. Lugano ananigombeza, "Mama Mercy, utagongwa wewe!" Namjibu, "Kamwambie baba yako apite kwingine." Thubutu! Anamwogopa kuliko mimi.

Basi juzi kulikuwa na ukungu wa kutisha. Mara naona fimbo, naona koti refu jeusi, moyo paa! Ni yeye, tena karibu kabisa. Sikutazama kulia wala kushoto, nikajitosa barabarani. Nafika katikati, nasikia honi ya lori la semi, ile inayotikisa mpaka tumbo. Taa hizi hapa! Nikataka kurudi, nikamkumbuka mzee. Nikataka kukimbilia mbele, miguu ikagoma.

"Gwe Joyness! Simama hapo hapo! Usisogee!"

Mzee huyo! Ananiita jina! Nikaganda kwenye mstari wa katikati. Semi likapita mbele ya pua yangu, ndoo ikaanguka, parachichi zote zikaishia chini ya matairi. Mercy akaanza kulia, na mimi nikalia kwa sauti kama mtoto mwenzake. Magari ya nyuma yakafunga breki, dereva mmoja akachungulia dirishani, "Mama, umechoka kuishi?"

Hapo ndipo mzee aliponyoosha fimbo juu kuyazuia magari, akaja mpaka katikati, akanishika mkono. Mkono, jamani! Wauza ndizi pale pembeni, Wanyakyusa watupu, wakapiga yowe. Mmoja akajifunika uso na kanga asione. Mzee akanirudisha pembeni, kisha akawageukia akiwa amewaka.

"Mnashangaa nini? Nitunze mila, nimzike mjukuu?"

Akanigeukia mimi. "Na wewe, kuanzia leo ukiniona usikimbie. Nisalimie, upite. Na kuvuka ni kwenye zebra. Twende!"

Tukaongozana, mimi na baba mkwe, mbele za watu, njia moja! Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Njiani tukawakuta wanawake wawili wamekunja kanga, wanavizia kukatiza katikati ya magari. Mzee akawanyooshea fimbo.

"Na nyie mnamkimbia mkwe gani? Hebu njooni huku!"

Wakacheka kwa aibu, lakini wakaja nyuma yetu. Tulipofika kwenye zebra hata kijana wa bodaboda alisimama mwenyewe, maana uso wa mzee ulikuwa hautaki maswali. Malori nayo yakasimama, pande zote mbili.

Nikainua macho, nikamtazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na hakuyafuta.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Akamshika Mercy kichwani, halafu akasema, "Marahaba, mwanangu. Vuka taratibu."